Nilisema ni Kioo

Kandida alinipigia simu siku ya Jumatano asubuhi, nikiwa jikoni kwangu Songea nasubiri chai ichemke kabla ya kwenda kazini. Namba sikuijua. Sauti ya mwanamke mtu mzima ikasema, "Shikamoo Dokta," na kabla sijaitikia ikaendelea: "Ni Kandida, wa kitengo cha wasioona. Mwalimu Batholomeo amefariki jana. Tunazika Ijumaa, kwao Mbuji." Nikaitikia marahaba, nikasema pole, nikauliza alikuwa akiumwa nini, nikaahidi kufika. Yote hayo niliyatamka kama mtu anayesoma tangazo. Nilipokata simu niligundua kwamba nimeziba mdomo kwa kiganja, na chai ilikuwa imemwagikia jikoni ikazima moto. Mimi ni tabibu wa meno. Bado miaka michache nistaafu, na meno niliyong'oa hayana idadi. Mengi nimeyasahau kabla mgonjwa hajafika mlangoni. Lakini lipo gego moja la mtoto wa miaka tisa ambalo sijawahi kulisahau, na mwenye gego hilo ndiye aliyekuwa ananiamkia kwenye simu kwa heshima zote, kama vile sikuwahi kumfanyia neno.

Mwaka huo nilikuwa na miaka ishirini na minne, nimetoka chuoni, nimepangiwa kazi Mbinga, mahali ambapo nilikuwa napajua kwa kupaona kwenye ramani tu. Kwetu ni Tabora. Nilifika mwezi wa pili, mvua zikiwa bado zinanyesha, nikapewa chumba chenye kitanda, meza na dirisha linalotazama mlima uliochimbwa ngolo toka chini hadi juu, yale mashimo ya Wamatengo yaliyopangana kama sega la nyuki. Kituoni kwetu kulikuwa na kiti kimoja cha meno, nacho hakikuinuka. Wiki ya tatu bosi wangu akaniambia kuna shule ya msingi nje kidogo ya mji ina kitengo cha watoto wasioona, wanalala bwenini, na vinywa vyao ni vibaya. Jina la shule naliacha. "Nenda ukawafundishe kupiga mswaki," akasema. "Kila Jumanne na Alhamisi. Na uandike ripoti nzuri, kuna watu wa juu wanaifuatilia."

Mwalimu Batholomeo alinipokea ofisini kwake, chumba chembamba kilichojaa vitabu vya nukta nundu vinene kama magodoro. Yeye mwenyewe alikuwa haoni tangu utotoni. Hakunikaribisha kiti kwanza. Alisema, "Dokta, hebu weka mezani kila kitu ulichobeba." Nikaweka. Akaanza kushika kimoja kimoja, akikizungusha vidoleni taratibu kama anayechambua kahawa. "Hiki?" Nikasema kioo, cha kutazamia meno ya nyuma. Akacheka. "Umekuja na kioo kwa vipofu! Haya, tutakuzoea." Alipofika kwenye koleo la kung'olea, hakucheka. Alilishika muda mrefu, akaufungua na kuufunga mdomo wa koleo. Kisha akanipa sharti moja tu, akalirudia mara mbili ili nisiseme sikusikia: kitu chochote kisiingie vinywani mwa watoto wake kabla hakijapita mikononi mwao. "Wewe mwenye macho, kitu kikija usoni pako unakiona kikiwa bado mbali," alisema. "Hawa kinawafikia kimeshafika." Nikasema sawa, Mwalimu. Nilikubali kwa moyo mmoja. Hilo nataka liandikwe, kwa sababu watu hudhani mtu anayevunja ahadi alikuwa na nia hiyo tangu mwanzo.

Watoto walikuwa kumi na wanne. Nilikwenda na picha nilizopewa chuoni, jino zima na jino bovu kwa rangi, nikazirudisha begini siku ile ile. Nilichokipata badala yake kilikuwa jikoni kwa Mama Osmunda, mlezi wa bweni, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuamrisha ng'ombe. Alikuwa anamenya mahindi mabichi. Nikamwomba mawili, nikayapeleka darasani, nikampa kila mtoto ashike ile mistari ya punje. Nikawaambia: hivi ndivyo meno yalivyokaa kwenye fizi, na hapa, katikati ya punje na punje, ndipo uchafu unapolala. Wakayapiga mswaki mahindi. Wiki nzima wakayapiga mswaki mahindi, Mama Osmunda akilalamika kwamba sasa chakula cha watoto kinanukia dawa ya meno. Miswaki tuliitia alama, huyu uzi, yule mkato wa kisu kwenye mpini, mwingine mikato miwili, ili kila mmoja aujue wake kwa kidole. Dawa hawakuipaka kwenye mswaki maana iliangukia miguuni. Walikamulia kidogo kwenye ncha ya kidole wakaipaka moja kwa moja kwenye meno. Na kwa kuwa hawana kioo, niliwafundisha kutumia ulimi. Ulimi upitishwe nyuma ya jino: likiwa na utando linateleza kama jiwe la mtoni, likiwa safi linakwaruza. Asubuhi za mwezi wa saba, kwenye baridi ile ya Mbinga inayofanya maji ya bombani yaume kama sindano, walisimama foleni ukutani wakitetemeka, wakisugua, wakitema, wakipitisha ndimi zao. Kandida, ambaye hakujua kunong'ona, alipiga kelele: "Dokta! Limekwaruza! Njoo ulisikilize!"

Nilikuwa na furaha mwaka ule, na furaha hiyo sasa ninaiona kama nguo niliyoazima. Jumanne nikimaliza kazi Mama Osmunda alikuwa ananiwekea chakula pembeni ya mafiga, ugali na maharage yaliyoungwa kwa karanga. Mfungo wa Ramadhani ulipofika, yeye Mkatoliki wa kwenda misa kila siku ndiye aliyekuwa ananikumbusha futari. Jikoni mle nilisikia mengi, kwa sababu ukuta kati ya jiko na bweni la wasichana ulikuwa wa mbao, na watoto wale walikuwa wakizungumza muda wote, kwa kuwa mazungumzo ndiyo yaliyowaambia nani yupo na nani hayupo. Niliwasikia wakisema kwamba Dokta anavaa viatu vya kamba, kwamba Dokta ananukia karafuu kabla hajafika. Ni kweli, mafuta ya karafuu tuliyokuwa tunayatumia kwenye meno hayakunitoka mikononi hata nikinawa kwa sabuni ya kipande. "Harufu ya karafuu inakuja!" mmoja akisema, basi wote walitoka nje wakiwa wameshafungua vinywa kama vifaranga.

Wa kwanza kabisa kufungua alikuwa Tarsila. Alikuwa na miaka kumi na moja, mtoto wa Lundo, kule chini ziwani, na baba yake mvuvi alikuwa akipanda huku milimani kila baada ya miezi miwili na kapu la dagaa wakavu. Tarsila alikuwa na meno makubwa meupe na kicheko cha kinywa wazi. Alikuwa anatafuna mahindi ya kukaanga kwa sauti iliyofika ofisini kwa Mwalimu. Yeye ndiye aliyekuwa msaidizi wangu: alisimama nyuma ya mtoto mdogo, akaweka mkono wake juu ya mkono wa mwenzake, wakasugua pamoja, juu, chini, nyuma, mpaka yule mdogo akaweza mwenyewe. Mimi nilikuwa ninafundisha, lakini Tarsila ndiye walikuwa wanamwelewa. Nilimwahidi kwamba akimaliza shule nitamtafutia kazi kituoni kwetu. Sijui kama ingewezekana. Nilipenda jinsi alivyofurahi.

Siku yenyewe ilikuwa mwezi wa nane. Tulipata gari la kituo kwa nusu siku, nikapeleka vifaa vya kung'olea, kwa sababu watoto sita walikuwa na meno yasiyo na dawa tena. Mwalimu Batholomeo alikuwa Songea kwenye kikao. Nilianza vizuri. Mtoto wa kwanza alishika sindano ikiwa bado na kifuniko chake, akashika koleo, akauliza maswali, akalia kidogo, tukamaliza. Wa pili hivyo hivyo. Kila mmoja alikula muda, maana mtoto akishashika koleo hujifikiria mara kumi kabla ya kufungua mdomo. Kufikia wa tano, dereva alikuwa ameshapiga honi mara mbili. Alikuja dirishani akasema, "Dada, mimi saa sita naondoka, uko tayari hauko tayari." Wa sita alikuwa Kandida.

Alikaa kwenye kiti cha darasani, miguu haifiki chini. Gego lake la chini kulia lilikuwa limetoboka mpaka kwenye mzizi. Nilimchoma ganzi nikimwambia ni dawa ya baridi, itawasha kidogo, na sindano sikumpa aishike. Akaruka, lakini akaniamini. Sikungoja muda unaotakiwa. Nikachukua koleo.

"Dokta, umeshika nini?"

"Kioo tu, mama."

"Nikishike."

"Ni kile kile cha siku zote. Fungua, Kandida, gari linaondoka."

Akafungua. Alikuwa ameshika pindo la koti langu, kama watoto wote walivyokuwa wakifanya. Nilipoingiza koleo, ulimi wake ulilipitia. Niliuona ukilipitia, upande mmoja, kisha wa pili, ulimi ule ule niliokuwa nimeufundisha miezi mitano kutambua kila kitu kilichomo kinywani. Uso wake ukabadilika. Alitaka kusema, na hakuweza kusema kwa sababu mkono wangu ulikuwa ndani. Nikavuta. Jino lilitoka zima, kazi safi, hata mwalimu wangu wa chuo angenipa alama zote. Siamini kwamba aliumia sana, ganzi ilikuwa imeanza kushika. Alichokilia kilikuwa kitu kingine. Alilia bila kutaja jino. Alikuwa anarudia neno moja, damu zikimtoka: "Umesema kioo. Umesema kioo. Umesema kioo." Wenzake walikuwa kwenye baraza, mgongo ukutani, wanasikia kila kitu. Honi ikapigwa tena. Nilimpa pamba ang'ate, nikamkabidhi kwa Mama Osmunda, nikapanda gari.

Alhamisi iliyofuata nilifika kama kawaida. Nikapita nyuma ya jiko, na kupitia mbao nikasikia mtoto akisema, "Karafuu hiyo," na mwingine, taratibu kabisa, "Fungeni." Nilipoingia walikuwa wamekaa vitandani, wapole, wakaniamkia kwa pamoja. Miswaki walipiga. Kila nilichoagiza walifanya. Lakini nilipoomba kutazama, walifunga midomo, wakaniambia kwa adabu kwamba hawaumwi, Dokta, tumepona, Dokta. Hata Tarsila. Alinigeuzia uso pembeni, akasema, "Mimi meno yangu mazima, si unajua."

Mwalimu Batholomeo aliniita ofisini. Nilitegemea anigombeze, na nilikuwa nimejiandaa na maneno: gari, muda, jino lingeleta usaha. Hakunigombeza. Aliniuliza, "Ni kweli?" Nikasema ni kweli. Akasema, "Waombe radhi. Wote, mbele ya Kandida. Watoto husamehe haraka kuliko sisi, lakini lazima waambiwe." Nikajibu nitafanya hivyo wiki ijayo. Wiki ijayo nikasema wiki ijayo. Niliona aibu, huo ndio ukweli, nikaivisha aibu yangu nguo ya utaalamu: nikajiambia kwamba tabibu akianza kuomba radhi kwa watoto hatasikilizwa tena. Nikaandika ripoti. Niliandika kwamba watoto wote kumi na wanne wamefundishwa, sita wameng'olewa meno bila tatizo. "Bila tatizo" niliyaandika kwa mkono wangu. Bosi alipiga simu kunipongeza. Nikapunguza siku, nikawa naenda Jumanne tu, halafu Jumanne moja moja.

Mvua zilipoanza tena, mwishoni mwa mwezi wa kumi na moja, Mama Osmunda alikuja kituoni kwa miguu, kanga imelowa, matope mpaka magotini. "Tarsila hafungui mdomo," akasema. Nilidhani anaongelea ule ubishi wao, nikaanza kucheka. "Hafungui kwa sababu hawezi, Dokta. Shingo imevimba imekuwa hivi." Nilimkuta amelala ubavu, udenda unamtoka, chini ya taya kumekuwa kugumu kama ubao, mwili wa moto, pumzi inakoroma. Lilikuwa gego la nyuma, lile ambalo mtu mwenye kioo angeliona katika nusu dakika. Jipu lilikuwa limeshapita kwenye taya likaingia shingoni. Tulimpeleka Songea kwa gari la wazi lililokuwa likipeleka mbao, mimi nimemkalisha mapajani ili apumue, turubai juu yetu. Njia nzima mkono wake ulikuwa ukinipapasa kifuani, nikafikiri anatafuta pindo la koti. Alikuwa ananisukuma.

Madaktari wa pale walifanya kazi yao. Walimpasua chini ya taya mara mbili, wakatoa usaha, wakamwokoa. Alikaa hospitali wiki saba. Alipotoka, taya lilikuwa limekakamaa. Mdomo wake ulifunguka kiasi cha kuingia kidole kimoja, na walisema hautazidi hapo. Baba yake alikuja kumchukua. Nilikuwepo kwenye korido. Alikuwa mzee mwembamba, amevaa koti lililombana mabegani, ameshika kofia kwa mikono miwili. Nilijua nitakachomwambia, nilikuwa nimekipanga usiku na mchana. Yeye akaniwahi. "Binti yangu," akasema, "nimeambiwa wewe ndiye uliyempakata kwenye gari mpaka huku. Mungu akupe maisha. Sina cha kukupa." Kisha akasema kwamba shuleni hatamrudisha, kwamba mtoto alimkabidhi kwa watu akiwa hana macho, hataki arudishiwe tena akiwa amepungukiwa na kitu kingine. Akanishika mkono, akainama kidogo. Nami nikasema, "Haya, mzee. Asante." Niliipokea shukrani ile. Nikaiweka mfukoni nikaondoka nayo.

Mwezi wa kwanza barua ilifika: kwa ajili ya kazi nzuri kwenye kitengo cha wasioona, nimechaguliwa kwenda kujiendeleza. Nilikwenda. Niliporudi Ruvuma nilirudi na cheo, nikakaa Songea, nikajenga. Watu wakiniuliza nilivyoanza kazi, nilikuwa nawasimulia habari za mahindi yaliyopigwa mswaki, wakacheka, nikaishia hapo.

Ijumaa ile Mbuji tulizika mchana, mvua ikinyunyiza. Kandida alikuwa wa kwanza kunijua; nilikuwa bado hatua kumi kutoka kwake akageuza uso upande wangu. Amekuwa mwanamke mnene, mwalimu, anafundisha nukta nundu kwenye kitengo kile kile. Tuliposhikana mikono hakuachia haraka. Baada ya chakula cha matanga akaniambia, "Dokta, nimesikia una gari. Tarsila hakuweza kuja. Kesho nipeleke Lundo nikampe habari kwa mdomo wangu." Nilitafuta sababu. Nilikuwa nazo nyingi, gari, kazi, afya, lakini nilipoufungua mdomo nikasema sawa. Tulilala Mbinga, asubuhi tukaondoka.

Njia ya kushuka ziwani sasa ni lami, imepinda milimani hadi kichwa kinazunguka. Tulikuwa tumeanza kuliona ziwa kwa mbali, na nilikuwa nimemwambia hivyo, Kandida aliposema, bila utangulizi, "Mimi ndiye niliyemwambia Tarsila anyamaze."

Nikapunguza mwendo.

"Tulikuwa tunafua soksi," akasema. "Akaniambia jino linamuuma, amwambie Dokta? Nikamwambia usithubutu, atakuambia ni kioo. Nikamletea chumvi ya Mama Osmunda aweke. Baadaye akashindwa kutafuna. Sasa, sahani ikirudi na chakula Mama atajua. Basi nikawa ninakula mimi. Changu na chake. Wiki mbili, Dokta. Yeye anakunywa uji tu, mimi nashiba."

Nilisimamisha gari pembeni. Miaka yote nilikuwa nimeubeba mwaka ule kama mali yangu peke yangu, nikajiona hata mtu mwenye dhamiri kwa kuubeba. Sikuwahi kufikiri kwamba nilimgawia na mtoto wa miaka tisa, na kwamba yeye hakupata cheo cha kujifariji nacho. Nikamwambia, "Kandida, kosa lile ni langu. Nilikudanganya, na nilipoambiwa nikuombe radhi sikukuomba. Ninakuomba sasa." Akageuka upande wangu. "Najua ni lako," akasema. "Nimelijua siku zote. Lakini na mimi nilikula." Halafu akasema twende, jua litatukuta njiani.

Nyumba ya Tarsila iko juu kidogo ya ufuko, ya matofali ya kuchoma, anaishi na mdogo wake wa kike na watoto wa huyo mdogo wake. Dagaa walikuwa wameanikwa kwenye vichanja uani. Alikuwa amekaa mkekani na wavu mapajani, anashona. Ndiyo kazi yake, watu wanamletea nyavu zilizochanika hata kutoka vijiji vya mbali kama Ngumbo. Kandida akamwita, wakakumbatiana, wakaambiana habari za msiba, wakalia kwa lugha yao ya bwenini ambayo mimi sikuwa nayo. Kisha Kandida akasema nani amemleta. Tarsila akageuka upande wangu. Ana makovu mawili chini ya taya, yamefifia. "Shikamoo Dokta," akasema, kwa meno yaliyokaribiana.

Niliketi mkekani nikamwambia yote. Nilimweleza koleo, na kioo, na Mwalimu alivyonitaka niwaombe radhi, na wiki ijayo zangu zote, na ripoti. Nilimweleza na korido, baba yake alivyonishukuru nikanyamaza. Vidole vyake viliendelea na wavu, tundu kwa tundu. Nilipomaliza alikata uzi.

"Baba alikuombea mpaka anakufa," akasema. "Alikuwa anasema yule binti wa meno."

Tarsila akachukua uzi mwingine.

"Kutoka Songea mpaka hapa ni safari ya muda gani?"

"Nikitoka asubuhi, mchana nimefika."

"Mchana umefika," akarudia. "Nimekaa hapa hapa, Dokta. Sijahama. Jino ni jino, hata wenye macho huumwa meno. Mimi nilikuwa nangoja uje tu. Mwaka wa kwanza nilikuwa nanusa kila mgeni."

Kandida akaanza kulia, akaanza na yake, soksi, chumvi, sahani. Hakufika mwisho. Tarsila alinyoosha mkono, akampata goti, akampiga kofi dogo. "Wewe nyamaza. Ulikuwa mtoto, na ulikuwa na njaa. Acha hayo." Akacheka, kicheko chembamba kinachopita puani sasa. "Unafikiri sikujua unavyofurahia maharage yangu?"

Mimi hakuniambia niache. Nilingoja, nina aibu kusema kwamba nilingoja, lakini hakuniambia, na ilikuwa haki yake. Mdogo wake alileta chakula: ugali wa muhogo na samaki wa ziwani, mbasa, wa kuchemsha, sahani moja kwa sisi watatu. Tarsila alimega tonge dogo kama punje ya hindi, akalisukuma ndani kwa ncha ya kidole, akatafuna muda mrefu. Kisha lingine. Kandida alikuwa ameshazoea, alikula akiongea. "Kula, Dokta," Tarsila akasema, "samaki anapoa." Nikanawa. Nikamega tonge dogo, dogo kama lake, nikala polepole, ili tumalize pamoja.